Mzee Aliyechorwa na Mzee Asiyechorwa

Msomaji mpenzi, ikiwa kwenu yuko babu au nyanya aliye hai, nakuomba usome habari hii mara moja, kisha ukiweke kitabu chini uende ukakae karibu naye. Hilo ndilo kusudi langu lote. Nimelitaja mwanzo kabisa ili hata msomaji mvivu asilikose. Yafuatayo ni sababu zangu, nazo si zote za kunipa sifa.

Katika mji wa Paris, nchini Ufaransa, lipo jumba kubwa la makumbusho liitwalo Louvre. Miongoni mwa picha zilizomo iko moja ya mzee aliyekaa kitini, iliyochorwa kwa rangi za mafuta juu ya turubai. Kimo chake ni sentimita 116 na upana wake ni sentimita 95. Mchoraji alikuwa Jean-Auguste-Dominique Ingres, aliyezaliwa mwaka 1780 akafa mwaka 1867, naye aliitia sahihi picha hii mwaka 1832. Mzee mwenyewe ni Louis-François Bertin, mwenye gazeti lililoitwa Journal des Débats, ambaye mwaka ule alikuwa akitimiza umri wa miaka 66. Alilinunua gazeti hilo pamoja na ndugu yake mwaka 1799, na katika enzi ya Napoleon alipata kutiwa gerezani, akahamishwa nchi, akanyang'anywa gazeti lake, kisha akalipata tena. Kwa hiyo anayekutazama kutoka turubaini ni mtu aliyeonja mamlaka na kuonjeshwa uchungu wake pia.

Nitakueleza picha ilivyo. Nyuma ya mzee hakuna pazia, wala bustani, wala rafu ya vitabu. Upo ukuta mtupu wa rangi ya kahawia. Mavazi yake ni ya rangi nzito, na kitu kinachong'aa mwilini mwake ni mnyororo wa saa. Umbo lake nene limekijaza kiti. Nywele zake ni za mvi, nazo hazikulala vizuri, kama kwamba mwenyewe alikataa kuzichana kwa ajili ya mgeni. Macho yake yanakutazama kama ya mtu aliyesikiliza hoja yako hadi mwisho, na sasa anajitayarisha kuijibu. Lakini kinachomshika mtazamaji zaidi ni mikono. Ameikita juu ya mapaja, viwiko vimetokeza nje, na vidole vimetanuka kama kucha za ndege mkubwa. Ukisogea karibu utaona, katika mti wa kiti uliosuguliwa ukang'aa, mwanga mdogo wa dirisha ambalo lenyewe halimo pichani. Mchoraji aliyeona hata mwanga huo hakuwa na haraka.

Rangi za mafuta zenyewe hazipatani na haraka. Hufanywa kwa unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu ya mbegu za kitani, nayo mafuta hayo hukauka polepole, kwa siku kadhaa. Hivyo mchoraji aweza kuulainisha mpaka uliopo baina ya mwanga na kivuli, na kuweka tabaka moja juu ya jingine, mpaka ngozi ya shavu ionekane kuwa na damu chini yake. Wala wakati ule hapakuwa na kamera ya kumwokoa mtu asiye na subira. Ufundi wa Daguerre wa kunasa sura kwa mwanga ulitangazwa Paris mwaka 1839, miaka 7 baada ya picha hii. Aliyetaka sura yake ibaki ilimpasa kukaa, na aliyetaka kuichora ilimpasa kutazama.

Inasimuliwa kuwa mwanzoni Ingres alishindwa. Alimkalisha Bertin hivi, akamkalisha vile, akaacha alichokianza, akakata tamaa hata akatoa machozi. Kisha siku moja akamwona mzee katikati ya mazungumzo, amekaa na mikono yake juu ya mapaja, akimsubiri mwenziwe amalize kunena ili amjibu. Papo hapo akatambua kuwa picha imepatikana. Wasimulizi hutofautiana juu ya mahali na maneno, lakini hupatana katika jambo moja: kazi ilikwenda mbele pale mchoraji alipoacha kumpanga mzee akaanza kumtazama.

Mimi nilikutana na picha hii mwaka 1969, nilipokuwa katika kidato cha tatu cha shule moja ya sekondari mjini Thika. Haikuwa picha yenyewe, ila nakala iliyopigwa chapa juu ya karatasi, ambayo mwalimu wetu wa sanaa aliibandika ukutani karibu na dirisha. Pembe yake moja ilikuwa imeliwa na mende. Sisi wanafunzi tulimpa mzee yule jina la Setla, kwa sababu alifanana na wenye mashamba ya kahawa ambao tuliwaona utotoni mwetu wakishuka garini mbele ya benki. Wakati huo sikujua kuwa binti wa Bertin, Louise, alipata kutoa lalamiko la namna hiyo hiyo, kwamba baba yake alikuwa bwana mwenye heshima kubwa, naye Ingres akamgeuza kuwa mkulima mnene. Basi wavulana wa Thika na bibi yule wa Paris, ambao hawakupata kuonana, waliona kitu kimoja.

Nilikuwa na mkono mwepesi wa kuchora. Nilimnakili Bertin kwa penseli mara nyingi, hasa mikono yake, na mwalimu akanisifu mbele ya darasa. Sifa humlevya kijana. Nikaanza kujiona kuwa mtu wa dunia pana, mwenye habari za Paris na wachoraji wake, na kuyadharau kidogo mambo ya kwetu.

Kwetu ni Ruiru, kama kilomita 20 kutoka Thika. Huko alikaa baba wa baba yangu, ambaye kwa lugha yetu ya Kikikuyu tulimwita Guka. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote, lakini alizoea kutuambia kuwa reli ilipofika Thika, jambo lililotokea mwaka 1913, yeye alikuwa mvulana wa miaka kama 10, mchunga mbuzi, naye alikimbia na mbuzi wake wote kwa kuuogopa mlio wa garimoshi. Ukihesabu utaona kuwa mwaka 1969 umri wake ulikaribiana sana na ule wa Bertin kitini.

Maisha yake yalipita katika mashamba ya watu wengine. Kwanza alifanya kazi ya mkonge, na mashine ya kuchambulia mkonge ilimkata ncha ya kidole kimoja. Kisha akahamia katika kahawa, akawa fundi wa kupogoa. Alijua kuutazama mbuni akatambua tawi la kuachwa na tawi la kuondolewa, kama daktari atazamavyo ulimi wa mgonjwa. Mibuni mingi ya huko ilikuwa ya aina iliyopewa jina la misheni ya Wafaransa, kwa kuwa mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu ndio walioipanda karibu na Nairobi mwishoni mwa karne ya 19, kwa mbegu zilizotoka katika misheni yao ya Bura, katika nchi ya Wataita. Kwa hiyo Guka alikuwa na ujamaa wa mbali na Ufaransa, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na habari nao.

Siku moja alikuja shuleni kuniletea salio la karo. Alivaa koti kuukuu lililomzidi mabega, na miguuni akala za mpira wa gari. Shilingi zilikuwa zimefungwa katika leso, na fundo lake alilifungua kwa meno mbele ya karani. Wenzangu wawili watatu walikuwa wakitazama. Mmoja akacheka, nami nikaona haya. Msomaji, sitaki kulipamba neno hili. Nilimwonea haya mtu aliyekuwa akinilipia karo. Nikamshika mkono nikamwingiza upesi katika darasa la sanaa, lililokuwa tupu saa ile, nikimwambia apumzike. Ukweli ni kuwa nilitaka asionekane.

Humo darasani akamwona Bertin. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Mfaransa, Guka. Alikuwa na gazeti. Alikufa zamani."

"Si setla?"

"Si setla."

Akasogea karibu zaidi. "Ameambiwa neno asilolipenda," akasema, "naye anamngoja mwenziwe anyamaze ili amjibu."

Nilishangaa. Mwalimu alikuwa ametumia kipindi kizima kutufahamisha jambo hilo.

"Mikono hii haijashika jembe," akaendelea. "Lakini si ya mvivu. Aliyemchora alimtazama muda gani?"

"Pengine wiki nyingi, Guka."

"Wiki nyingi! Bila kumfanyisha kazi?"

"Bila kumfanyisha kazi."

Akacheka kicheko cha chini, akatikisa kichwa. Kisha akaliona daftari langu la michoro likiwa wazi juu ya dawati, na katika ukurasa wake ile mikono ya Bertin niliyoinakili. Akauliza kama ni kazi yangu, nikasema ndiyo. Akakaa kitini, akaikita mikono yake juu ya mapaja kama yule mzee wa ukutani, akanitazama.

"Nami utanichora lini, mjukuu wangu?"

"Wakati wa likizo, Guka," nikajibu kwa haraka, maana kengele ilikuwa karibu kulia na wenzangu walikuwa karibu kurudi.

Akaitikia kwa kichwa, akasimama. Nikamsindikiza kwa njia ya nyuma, ipitayo karibu na jiko, ili tusikatize uwanjani. Tulipofika barabarani aliniaga vizuri, akaniombea baraka, kisha akasema kwa sauti isiyo na hasira, "Lango kubwa lilikuwa karibu zaidi." Akaenda kungoja basi.

Likizo ilikuja. Nilikuwa na mpira wa kucheza na jamaa wa kutembelea Nairobi. Likizo nyingine ikaja, nikawa na mengine. Mwezi wa tatu mwaka 1970 Guka aliugua homa ya mapafu, akafa katika muda usiozidi juma moja, nami nikaitwa kutoka darasani. Wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika katika insha mara nyingi. Siku ile nilifahamu kuwa mjukuu mwenyewe ni mimi.

Katika matanga watu wa nyumba walitafuta picha yake, wasipate. Tulijua habari ya picha moja tu aliyopata kupigwa. Ilikuwa ya kitambulisho alicholazimishwa kuchukua katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, nayo ilipigwa kwa amri, yeye akiwa katika mstari mbele ya askari. Kitambulisho hicho alikitia motoni kwa furaha usiku wa Uhuru, mwaka 1963. Lakini baba yangu alipolifungua sanduku lake la bati, chini ya blanketi, alikuta kitu ambacho hatukujua kuwa bado kipo. Kilikuwa kipande cha ujana wake.

Huenda wewe kijana wa leo hujui kipande kilikuwa kitu gani, zaidi ya kulisikia neno lenyewe likitumika kwa kitambulisho. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyomlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 kuwa na hati hiyo. Ndani yake mliandikwa jina lake na mahali alipotoka, mkazigwa alama za vidole vyake, na kila mwajiri akaandika siku ya kumwajiri, mshahara, na siku ya kumwachilia. Mtu asiyetiwa sahihi ya kuachiliwa hakuweza kutafuta kazi kwingine, na akikamatwa bila kipande aliadhibiwa. Hati iliwekwa katika kasha dogo la chuma lililoning'inizwa shingoni, na Wakikuyu wakaliita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Kipande cha namna hiyo kwa Waafrika peke yao kilikomeshwa na sheria ya mwaka 1947, iliyowataka watu wa kila kabila na rangi waandikishwe.

Baba alinipa mimi karatasi ile, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi. Ninayo hata leo. Mikunjo yake imepasuka, na wino wa waajiri umefifia, lakini zile alama za vidole zimebaki wazi kabisa. Kila mstari unaonekana, ukizunguka ndani ya mwenziwe kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa kijiwe.

Nimeitazama karatasi hii kwa miaka zaidi ya 50, mara nyingi nikiwa na nakala ya Bertin kando yake, na hili ndilo fundisho nililolipata. Zote mbili ni kumbukumbu za mikono ya wanaume. Kwa usahihi, karatasi ya Guka inaishinda picha ya Ingres, kwa sababu mchoraji aweza kukosea, lakini alama ya kidole haikosei. Katika dunia nzima hapana mtu mwingine mwenye ile mistari. Hata hivyo alama hiyo haimjui mtu. Aliyeichukua hakumtazama usoni. Alishika mkono wa kijana, akaupaka wino, akaukandamiza, akaita mwingine. Aliutaka ili siku moja aweze kumkamata mwenye mkono huo. Ingres alimtazama Bertin ili amfahamu, na katika kumfahamu ikambidi ajitaabishe, angoje, na hata alie. Tofauti ya mambo hayo mawili haimo katika karatasi na turubai. Imo katika nia ya jicho.

Nilijaribu kulipa deni langu. Mwaka ule ule wa 1970 nilikaa na penseli, nikafumba macho nimkumbuke Guka, nikaanza kuchora. Uso ulikuja kiasi. Mikono ilipokuja ilikuwa ya Bertin. Vidole vilitanuka kama vile nilivyovizoea katika nakala, maana hiyo ndiyo mikono niliyoitazama kwa uangalifu, na ya Guka niliyaona tu mambo iliyoniletea: leso, shilingi, ndizi mbivu. Nilipotaka kukichora kidole kilichokatwa na mashine nikagundua kuwa sijui kilikuwa cha mkono upi. Nikamwuliza baba, akasema wa kushoto. Shangazi akaapa kuwa ni wa kulia, kwani ndio aliokuwa akimpigia konzi. Nikaitazama karatasi ya kipande, lakini ilitolewa kabla ya ajali, vidole vyote vikiwa vizima. Karatasi isiyokosea haikuwa na jibu. Mwenye jibu alikuwa amekaa mbele yangu katika darasa tupu la Thika, mikono juu ya mapaja, akiniuliza lini.

Sasa mimi mwenyewe ni mzee. Nimempita Bertin wa pichani kwa umri, na nywele zangu nazo hazilali vizuri. Barabara ya kutoka Nairobi kwenda Thika ilipanuliwa, ikafunguliwa upya mwaka 2012, na gari lipitapo Ruiru sasa huona nyumba za ghorofa mahali pengi palipokuwa na mibuni. Sina neno la kuzilaumu, kwa kuwa watu hawana budi kupata pa kulala. Lakini nipitapo huko hujiuliza ni nani atakayejua kuwa mahali fulani, chini ya ngazi za jengo fulani, alisimama mtu aliyeweza kuutazama mti akajua tawi lipi liachwe.

Msomaji, pengine utaniambia kuwa wewe si mchoraji, wala huna rangi za mafuta. Sikudai rangi. Utaniambia pia kuwa siku hizi simu ya mkononi hupiga picha elfu kwa siku. Ni kweli, na uzipige. Laiti ningalikuwa na moja. Lakini kamera hufanya kazi yake kabla jicho halijaanza yake. Usiridhike kwa kuwa umeibonyeza. Kaa na mzee wako bila kumtuma wala kutumwa. Itazame mikono yake, kwanza mmoja, kisha wa pili. Uliza habari ya kila kovu, ujue ni la mkono gani na la mwaka gani, uyaandike kabla hujalala. Ukijua kuchora, chora. Asipokaa vizuri, usimpange. Ngoja mpaka atakapoanza kumjibu mtu.

Na akija kukutembelea shuleni, msomaji wangu, kwa koti lolote na viatu vyovyote, mpitishe lango kubwa.